Treni Yenye Usukani

Juzi fundi aliyekuja kupima depo letu, ghala la maharagwe, aliuliza nani alijenga ukuta ule akiwa amelewa. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyuma, mahali ambapo ukuta unakuja vizuri, umenyooka, halafu ghafla unaingia ndani hatua tatu, unazunguka kitu ambacho yeye hakukiona, ndipo unaendelea na safari yake. Mdogo wangu Kambale, aliyemleta, alicheka. Mimi sikucheka. Niliinama nikapangusa vumbi jeusi kwa kiganja, na chini yake vikatokea vyuma viwili vyembamba vilivyoliwa na kutu, vimelala sambamba juu ya vijiti vya mkaratusi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Harufu ya kutu mbichi ikanipanda puani, nikajua kwamba jambo hili sitaweza kulinyamazia.

Vyuma hivyo ni reli. Nilizilaza mimi, wakati ambapo meno yangu ya mbele yalikuwa bado hayajamaliza kuota. Na aliyejenga ukuta ule hakuwa amelewa. Alikuwa baba yangu, na siku hiyo akili zake zilikuwa timamu kuliko siku nyingi nilizowahi kumwona.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Goma mnakumbuka mji ulivyokuwa baada ya mlima kumwaga. Lava ilipita katikati, ikaingia Birere, ikameza barabara na maduka, na njiani ikameza kiwanja chetu chote. Tulikimbilia ng'ambo ya mpaka, na tuliporudi tulikuta mahali pa nyumba pana mgongo wa mawe meusi yaliyopasukapasuka, yanayofuka mvuke kila mvua ikigusa. Hatukupoteza mtu. Nalisema mapema ili msije mkaanza kunihurumia kwa jambo ambalo halikutokea. Tulipoteza nyumba. Mama alipanda juu ya yale mawe akiwa na kandambili, akatembea akitafuta hata kipande cha paa, mpaka soli zikaanza kulainika. Akashuka, akasema, "Haiko." Kisha akatafuta mawe matatu mengine, akawasha moto, akapika maharagwe.

Papa alikuwa mchuuzi wa maharagwe hayohayo. Watu wetu walitoka Butembo, na kwetu mwanamume asiyesafiri na mzigo huulizwa kama anaumwa. Papa alipanda Rutshuru na malori, akanunua kwa wakulima, akashuka na magunia. Baada ya lava alijenga nyumba ya mbao upande wa mbele wa kiwanja, juu ya mawe yenyewe, kama kila mtu alivyofanya. Upande wa nyuma, pale nyumba ya zamani ilipozikwa, palibaki ule mgongo. Nikauchukua mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

Treni niliipata ndani ya karanga. Muuzaji mmoja wa Birere alinifungia karanga kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kitabu cha shule, na nilipomaliza kula nikaona picha. Ilikuwa imekatwa vibaya. Kulikuwa na pipa refu jeusi lililolala ubavu, bomba la moshi, magurudumu ya chuma, na chini yake mistari miwili iliyolazwa juu ya mawe. Sehemu anayokaa dereva haikuwepo, ilikuwa imekwenda na karanga za mtu mwingine. Chini kulikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba ile ni lokomotivu ya treni.

Sikuwahi kuona treni. Goma haina treni, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuipanda, hata Papa, aliyejua kila shimo la barabara ya kaskazini. Lakini macho yangu yalikwama kwenye yale mawe. Yalikuwa meusi, yamevunjika, yana makali, yamemwagwa kwa mstari mrefu. Yalikuwa mawe yetu. Nikaelewa kila kitu papo hapo, bila kumuuliza mtu. Treni haiwezi kuja mpaka mawe meusi yamwagwe kwanza. Goma ilikosa treni miaka yote kwa sababu mawe yalikuwa bado ndani ya mlima. Sasa mlima umeyaleta wenyewe, umeyamwaga kuanzia kule uwanja wa ndege mpaka ziwani, na kazi iliyobaki ni vyuma viwili tu. Nilishangaa sana kuona watu wazima wakilia badala ya kwenda kutafuta vyuma.

Nikampelekea Papa habari njema, tukiwa tunakula.

"Papa, volka ilikuja kutengeneza fasi ya treni."

Aliacha kutafuna. "Unasema nini?"

"Majiwe iko tayari. Inabakia vyuma tu."

"Lave ilikula nyumba yangu," Papa alisema taratibu, "ilikula depo yangu na maharagi yote ndani, na weye Kavira unaniambia ilikuja kutengeneza njia?"

"Ndiyo, Papa."

Mama alisema, "Umuache, ni mutoto." Papa akajibu kwamba mtoto ana mdomo wa mkubwa, akaniamuru niache sahani na nitoke nje. Nilitoka. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hasira, maana nilijua nasema kweli. Nikapanda kwenye mgongo wangu wa mawe na mchana uleule nikaanza kutengeneza reli, ili siku treni itakapofika Papa aone aibu.

Reli zangu zilitoka kwenye miavuli. Birere imejaa watu wanaouza chini ya miavuli mikubwa, na mvua ya Goma na upepo wa ziwa huivunja kila wiki. Mbavu za mwavuli ni vyuma vyembamba vyenye mfereji katikati, na mtoto akiokota mbavu za miavuli minne ana reli ya kuanzia. Niliziokota zilipotupwa, na nyingine niliziomba kwa unyenyekevu ambao Mama hakuwahi kuuona nyumbani. Vijiti vya kulalia reli nilivipata kwa mafundi wa chukudu, wale wanaochonga baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Waliniruhusu kuchukua vipande vilivyoanguka chini ya mashoka yao, nami nikawa nakaa hapo nikiwatazama wakichonga magurudumu, wakifunga mpira wa tairi juu yake, wakijaribu usukani kwa kuutikisa kushoto na kulia. Wakati wote huo Kambale alikuwa mgongoni kwangu, amefungwa kwa kitenge, akininyonya bega. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu sasa ni mwanamume mwenye kitambi na anayejua kila kitu.

Lokomotivu yenyewe niliitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga lililolala ubavu. Bomba la moshi lilikuwa ganda la betri ya redio. Magurudumu yalikuwa vizibo vya chupa vilivyopondwa kwa jiwe mpaka vikawa bapa, vinavyotembea ndani ya mfereji wa ubavu wa mwavuli. Mgongo wa mawe ulikuwa na mteremko, kwa hiyo treni ilishuka yenyewe, nami nikaifungia breki kama ya chukudu, kipande cha mpira kinachokandamiza gurudumu la nyuma. Ilibaki ile sehemu ya dereva iliyokatwa kwenye picha. Nilifikiri siku nzima. Mwishowe nikachukua waya mnene, nikaukunja, nikauchomeka mbele ya kopo: usukani wa mikono miwili, kama wa chukudu. Sikuona kosa lolote. Kila kitu nilichokijua chenye magurudumu na mzigo kilikuwa na kitu cha kushika.

Mwanzoni reli ilienda popote mawe yaliporuhusu. Halafu siku moja nikiwa nimekaa juu, nikaanza kujiuliza nimekaa juu ya chumba gani. Tanki la maji la jirani lilikuwa limeokoka, kichwa chake cha saruji kimechomoza kwenye lava, na nilikumbuka Mama akisema kwamba kutoka tanki lile mpaka mlango wa jikoni ni hatua kumi na mbili. Nikahesabu kumi na mbili, nikaweka jiwe jeupe. Hapo pakawa kituo cha Jikoni. Kutoka Jikoni nikahesabu mpaka Sebuleni, kutoka Sebuleni mpaka mlango tuliokuwa tunapima urefu wetu kwa makaa, na kutoka hapo mpaka chumba cha Koko. Wiki nzima nilihamisha reli ili ipite kila chumba. Nyumba yetu ikawa chini, na treni ikawa inaitembelea kwa juu.

Koko alikuwa mama yake Papa. Alifariki katika chumba kile kabla mlima haujamwaga, na siku anafariki aliuliza mara nyingi kama Papa amefika. Papa alikuwa amekwama Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Lori lilikuwa limevunjika ekseli, yeye na magunia yake kando ya barabara, akisubiri. Alifika tukiwa tumekwisha kumzika. Aliingia chumbani, akakaa juu ya kitanda kitupu, akatoka, na tangu siku hiyo hakumtaja mama yake mbele yetu. Sisi watoto tulidhani wanaume wakishiba huzuni huacha kusema, kama mtu anavyoacha kula.

Siku reli ilipokamilika niliwaita watoto wa barabara yetu waje kuona. Wakaja na wakubwa pia, kwa kuwa hakukuwa na mengi ya kuona. Kati yao alikuwa Mama Kindu, jirani yetu aliyeuza sambaza zilizokaushwa, dagaa wa ziwa letu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikulia Kindu, mahali treni inapofika, na yeye ndiye mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kuipanda. Nilimwekea kiti cha mbele. Niliachia breki. Kopo la maziwa likashuka likitetemeka, likapita Jikoni, likapita Sebuleni, likasimama mbele ya Mama Kindu vizuri kabisa.

Mama Kindu aliinama, akatazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, kidole chake kikionyesha usukani wangu.

"Mutoto yangu, treni haina guidon!"

"Iko nayo," nikasema.

"Haina! Mi nimepanda treni, Kavira. Inafwata chuma tu. Dereva haikunje fasi yoyote, chuma ndiyo inamupeleka."

Watoto wakaanza kupiga kelele, "Treni ya chukudu! Treni ya chukudu!" Na mtu mzima mmoja akasema, wala hakunong'ona, kwamba ndivyo inavyokuwa msichana anapoachwa kucheza na makopo badala ya kusaidia mama yake. Nilisimama pale na Kambale mgongoni, masikio yakiwaka moto. Nilitamani lava irudi inifunike. Mkono wangu ulikwenda kwenye ule waya ili niung'oe, na nikiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuushika. Nikaukazia macho. Nikaona reli imenyooka mpaka mwisho, na kopo langu halina pa kwenda ila huko.

Nikageuka kwa Mama Kindu nikamuuliza, "Na lave ikikuja mbele yake, itakata kona namna gani?"

Kelele zikapungua.

"Lave ikikuja," akasema, "treni... inasimama."

"Ikisimama inaungua."

Wote waliokuwa pale walikuwa wamekimbia siku ile. Kila mmoja alikuwa amekata kona fulani na kichwa kilichojaa mzigo, na wengine walikata kona tatu kabla ya kupata barabara iliyo wazi. Mwishowe Mama Kindu akasema, sasa akitabasamu kwa namna nyingine, "Sawa. Lakini ya namna hiyo batu habayaiunda bado."

"Basi yangu ni ya kwanza," nikasema, na usukani nikauacha palepale. Haukugeuza chochote, kwa kuwa vizibo vilikuwa ndani ya mifereji. Nilijua hivyo na sikujali.

Furaha hiyo haikudumu. Jumamosi Papa aliposhuka kutoka Rutshuru alisema mbele ya Mama na mimi, "Lundi, kesho kutwa, batu ba kuvunja majiwe banakuja. Nitajenga depo kule nyuma. Kavira, utatoa ile vyuma yako."

Depo lilikuwa chakula chetu, nililijua hilo hata kwa umri ule. Maharagwe yalikuwa yanalala nyumbani pamoja nasi, na Mama alikuwa anapika amekalia gunia. Lakini mawe yakivunjwa na kusawazishwa, alama zote zingeondoka. Hakuna mtu angeweza tena kusimama mahali akasema hapa ndipo jikoni. Nyumba ingekuwa imezikwa mara ya pili, na mara hii na watu wenye nyundo.

"Sitatoa," nikasema.

Mama aliacha kukoroga ugali. Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo, na msichana ndiyo usiseme.

"Unasema nini?"

"Mi sitatoa, Papa. Ukitaka, utoe weye mwenyewe."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Papa alinitazama kama anavyotazama gunia lenye wadudu, akijiuliza kama lote limeharibika au juu tu, akatoka nje.

Jumapili baada ya misa alipanda kwenye mgongo wa mawe kwa mara ya kwanza tangu turudi kutoka ng'ambo. Alikuwa bado amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimekaa juu na treni mapajani, nikilinda. Alitembea kando ya reli, akafika kwenye jiwe jeupe la kwanza.

"Hii ni nini?"

"Gare ya Jikoni."

Akatazama tanki la jirani, akatazama jiwe. "Jikoni haikuwa hapa."

"Ilikuwa hapa. Ni hatua kumi na mbili. Nimehesabu."

"Hatua ya nani?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimehesabu kwa miguu yangu. Papa alirudi mpaka tankini, akaja kwa hatua zake ndefu za mtu wa safari, akasimama mbali sana, karibu na uzio. Mama aliyekuwa chini akitutazama akapaza sauti, "Papa Kavira, hapana! Hiyo ni choo!" Akapanda naye, kitenge kimekunjwa, akahesabu kumi na mbili zake mwenyewe, akasimama katikati yetu. "Ni hapa. Ni mi nilikuwa napika, si nyinyi." Wakabishana. Papa alisema mlango ulitazama ziwa, Mama alisema ulitazama mlima, maana moshi ulikuwa unamrudia machoni kila upepo wa ziwa ulipovuma. Walibishana mpaka Papa akavua koti na kulitandika juu ya jiwe. Tulihamisha Jikoni, kisha Sebuleni, kisha mlango wa kupimia urefu. Mama alicheka mara mbili. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu turudi.

Kisha Papa akafika kituo cha mwisho.

"Na hii?"

"Gare ya Koko," nikasema. "Treni inasimamaka pale."

"Inasimamaka muda gani?"

"Mupaka ule anakawiaka afike."

Watu niliowasimulia haya huniuliza kama nilijua nilichokuwa nasema. Nilijua. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nilikuwa nimemsikia Koko akiuliza siku ile nzima, na sheria ya kituo kile niliiweka kwa ajili yake na kwa ajili ya Papa, kwamba pale treni haiondoki bila mtu anayesubiriwa. Mama alitazama upande mwingine. Papa aliokota koti lake akashuka.

Jumatatu wavunja mawe walikuja watano, na nyundo kubwa na mitaimbo. Nilikuwa nimefika mapema kuliko wao. Nilikaa katikati ya reli, Kambale mgongoni, treni mikononi, na nikawaambia hawapiti. Mkubwa wao akamtazama Papa na kucheka kile kicheko cha wanaume. Papa hakucheka. Alinijia, akapiga magoti mwanzoni mwa reli, akaanza kuing'oa yeye mwenyewe.

Niliyoyataka ndiyo hayo: nilisema atoe mwenyewe, na akatoa. Lakini nililia kwa hasira. Aling'oa ubavu mmoja mmoja, taratibu, akiupangusa kwenye suruali, akiuweka juu ya mwenzake. Alipofika Jikoni alitulia kidogo, kisha akang'oa. Sebuleni akang'oa. Mlangoni akang'oa. Wavunja mawe walisimama na nyundo zao wakimtazama mfanyabiashara mzima akikusanya mbavu za miavuli kwa magoti. Nilikuwa nimekwisha kusogea nyuma, nikisukumwa kituo kwa kituo, mpaka nikawa nimekaa juu ya chumba cha Koko, na sikuwa na pa kusogea tena.

Papa akafika. Akashika ubavu wa kwanza wa kituo kile. Mkono wake ukakaa pale. Aliushika kwa muda mrefu, kichwa chini, mpaka mkubwa wa wavunja mawe akakohoa.

Papa akaachia. "Fasi hii muiache," akasema.

"Papa, ukuta inapita hapa hapa," mkubwa wao akasema. "Nayo itaenda namna gani?"

Papa aliinua macho. Alitazama kopo la maziwa mikononi mwangu, akatazama ule waya wangu uliochekwa na barabara nzima.

"Itakata kona," akasema.

Sikumshukuru. Natamani kuandika kwamba nilimrukia shingoni, lakini sikufanya hivyo. Alikuwa amevunja Jikoni na Sebule na ule mlango wenye alama zetu za makaa, na hilo sikulisamehe, wala leo sijalisamehe lote. Lakini ukuta ulikata kona. Papa aliijenga pembe ile kwa mikono yake, na tangu siku hiyo, kila aliporudi kutoka Rutshuru, kabla hajavua viatu, alipita nyuma ya depo na kukaa pale kidogo. Hatukumfuata.

Nimekua na treni zangu. Ninazo kumi na nne kwenye rafu sebuleni, zote za makopo, kutoka sardini mpaka nyanya, na meza nzima ya reli inayowanyima wageni pa kukaa. Wapo wanaosema ni mchezo wa watoto, wapo wanaosema ni wa wanaume, wapo wanaosema ni wa wazungu wasio na kazi. Nawakaribisha chai na kuwaacha waseme. Nilifika Kalemie mara moja kwa shughuli, nikaenda stesheni kabla ya kutafuta pa kula, nikaiona treni ya kweli. Haina usukani. Mama Kindu alisema kweli. Nilisimama pale nikaitazama na sikuona aibu hata chembe. Nilirudi Goma nikaunda nyingine, nikaiwekea usukani. Kijana mmoja anayependa mambo haya, tuliyefahamiana kwa simu, aliniandikia kwa adabu kwamba kazi yangu ni nzuri ila ule waya wa mbele niuondoe, unaharibu. Nilimjibu kwamba mlima wetu bado uko hai.

Papa alitutoka mwaka huu, masika yalipokuwa yanaanza. Nilikuwa kando ya kitanda. Hakukawia mtu, wote tulifika. Sasa Kambale anataka depo lirefushwe na ukuta unyooshwe apate mpangaji wa kuhifadhi saruji humo, na ndiyo maana juzi fundi alikuja, akauliza nani alikuwa amelewa, akatandaza kamba yake kutoka pembe mpaka pembe, imenyooka kabisa, ikapita katikati ya kituo cha Koko.

"Mama Kavira," fundi akasema kwa upole aliponiona nimeinama juu ya vile vyuma, "ukuta inaendaka moja kwa moja."

"Huu iko na guidon," nikamwambia.

Alimgeukia Kambale apate msaada. Kambale alikuwa ametazama chini, kwenye reli, na sijui kama mtoto wa mgongoni huwa anakumbuka chochote. Kwetu pegi haiingii kwenye lava, kwa hiyo mafundi hushikiza kamba kwa mawe. Nikaliokota jiwe lililoshika kamba pale katikati, pamoja na kamba yenyewe, kwa mikono miwili, lilikuwa zito, nikazunguka nalo kituo, nikaliweka upande wa pili, nikasimama juu yake. Kamba ikakata kona.